Bibi Aliyesalimu Kwanza

Nairobi, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Uliniuliza kama kazi hii ya kupokea simu za dharura ni kitu cha kuniweka mbali nanyi hapo Mkwiro. Nikueleze yaliyotokea Jumanne, kisha uamue mwenyewe.

Tangu itangazwe hii nambari moja ya nchi nzima, wengi wanaipiga kwa mzaha. Basi tuliamriwa: asiyetaja shida upesi, mkatie. Jumanne asubuhi mwenzangu Wanjiru akaninong'oneza, "Huyu bibi ananisalimia tu. Nakata." Nilikuwa nimeisikia lafudhi ya kwetu ikivuja kwenye spika yake. Nikamwambia anipe mimi.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Waaleikum salaam, bibi. Shikamoo. Nani anaumwa?"

Hapo sauti ikamkatika. "Mkaza mwanangu, mke wa kijana wangu. Amejifungua, na damu haikatiki."

Walikuwa katika kijiji kimoja nyuma ya Msambweni. Wanjiru akaita ambulensi, mimi nikabaki na bibi.

"Mkande tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, usiache. Na mtoto mweke kwenye titi."

"Anapiga kelele nikimkanda, mwanangu!"

"Mwache apige, bibi. Wewe kanda."

Dereva akapotea njia. Nikamwelekeza kwa maneno ya bibi: msikiti wenye mlango wa kijani, halafu mikorosho miwili. Sikuikata simu mpaka niliposikia muuguzi wa ambulensi akipiga hodi.

Mama na mtoto wote wako hai.

Siku hiyo hiyo nilimwendea msimamizi. "Amri hii itaua watu Pwani," nikamwambia. "Kwetu mtu hasemi shida kabla ya salamu." Hakufurahi. Lakini Alhamisi aliifuta, akaniambia niwafundishe wenzangu jinsi ya kuwapokea wazee. Kwa hivyo sitakuja hata kwa Idi. Nisamehe, Mama, ila nimekwisha kuamua.

Nisalimie Shangazi Mwanatumu, mlezi wangu, na Mjomba Tsuma, fundi wa nyavu. Dada Mwanasha naye mwezi wake wa kujifungua umekaribia. Mwandikie nambari hii ya dharura ukutani, kando ya kitanda, kwa tarakimu kubwa. Mwambie asione haya kuipiga.

Ni mimi mwanao, ninayekuombea kila swala,

Mwanakombo