Mtungi wa Pancha

Baba,

Nimekunywa maji. Nimekunywa nikiwa katikati ya mazoezi, jasho likinitiririka, na wala sikungoja nifike nyumbani nipewe chai. Nimeanza na hilo ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine, maana huko uliko wamekutangulia watu wengi wa Endebess, na ninawajua kwa maneno.

Kama umekasirika, kasirika tu, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kwanza habari za nyumbani. Tulikuzika mahindi yakiwa yanafika magotini. Sasa yamevunwa, yamekaushwa, na mabua yamekwisha kuliwa. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike na Mama anamsifia kila anayepita. Redio yako bado inawashwa kila asubuhi kwenye stesheni yako ileile ya kelele. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinung'unika kuhusu hiyo redio? Sasa jaribu kuigusa, utajua hujui. Na jirani yetu wa kule chini amerudisha ua wake pale mpaka ulipokuwa, bila kuambiwa na mtu. Miaka yote ile ya kugombana, ati anangoja ufe ndiyo aone haya. Nilitaka kwenda kumwambia kitu, Mama akanishika mkono.

Mimi niliacha kukimbia. Nilirudi kazini Bungoma wiki moja baada ya mazishi, nikavitia viatu kwenye mfuko wa nailoni, nikavisukuma chini ya kitanda. Walimu wenzangu waliniambia nikimbie kidogo nitapata nafuu. Niliwaitikia kwa adabu. Hawakujua shida yangu. Bungoma ni mji wa baisikeli, Baba, unajua mwenyewe, na kila nikisikia mnyororo ukilia nyuma yangu nilikuwa nageuka. Nageuka, naona ni mtu amebeba gunia la makaa au mama amekaa upande na mtoto wake. Mara moja niligeuka nikajikuta namwambia mwenye baisikeli shikamoo, na alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Alinicheka mpaka akakaribia kuanguka.

Miaka kumi na miwili, tangu nikiwa shuleni mpaka likizo zangu za ualimu, wewe nyuma yangu na ile baisikeli yako nyeusi ya kupeleka maziwa. Sijawahi kuwa na kocha mwingine. Ukishamaliza kuacha maziwa ulikuwa unafunga nyuma ule mtungi mdogo wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, unaukaza kwa mpira wa tyubu kuukuu, kisha unapiga kengele mara moja. Hapo najua tumeanza. Nikiwa mdogo niliwahi kukuuliza mtungi ni wa nini, ukasema ni maji ya pancha, ya kutafutia tundu mahali hewa inapotokea. Nikaridhika. Barabara ile ina miiba.

Na sheria zako zilikuwa mbili tu. Usiangalie nyuma, mimi niko. Na maji hayanywewi barabarani.

Hiyo ya pili nilijua ilikotoka. Ulinisimulia mara nyingi mpaka nikawa naweza kukumalizia sentensi. Ulikuwa kijana, ukashuka kutoka huku kwetu kwenye baridi ukaenda kukimbia mbio za kutoka Bungoma hadi Malakisi. Ulikuwa wa tatu. Jua la kule likakuchoma, ukaona kisima kando ya barabara, ukainama ukanywa karibu nusu ndoo. Hukufika mbali. Tumbo lilikukaba, ukalala kwenye nyasi, na Malakisi uliingia juu ya lori la tumbaku, umekalia mizigo, huku waliokuwa nyuma yako wakikupungia mkono. Ulikuwa unacheka ukilisimulia, lakini hukuwahi kurudi kukimbia tena. Ndiyo maana kiangazi kilichopita uliponiambia, "Nasimiyu, mwaka ujao tunaenda ile ya Malakisi. Wewe miguu, mimi baisikeli," nilijua huombi. Nilikubali palepale. Wewe ndiwe uliyenipa jina hili la waliozaliwa kiangazi, ukazoea kunitania kwamba jua ni shangazi yangu, haliwezi kunidhuru.

Basi mwezi wa kwanza tangazo la mbio likabandikwa sokoni. Nilisimama pale na kikapu cha nyanya, nikalisoma mara tatu. Jioni ile nikavitoa viatu chini ya kitanda.

Mazoezi ya Bungoma si mazoezi ya Endebess. Kwetu mtu anakimbia kwenye ukungu, pua imekufa ganzi, na akimaliza anatafuta sweta. Hapa saa kumi jioni lami bado inatoa moto. Nikasema sawa, hilo nalo ni la kuzoea. Kila Jumamosi nilikuwa natoka saa sita mchana kabisa, makusudi. Kwenye tangazo wameandika mbio zinaanza saa moja asubuhi, lakini nani asiyejua mambo yetu? Bila mgeni wa heshima filimbi haipigwi, na mgeni wa heshima anaamka akipenda. Tutaanza saa nne, na nusu ya njia tutaikimbia jua likiwa utosini. Kwa hiyo nikawa nakwenda upande wa Kibabii na kurudi, na wanafunzi wa chuo cha pale wananipigia kelele, "Madam, nani anakukimbiza?" Nilikuwa nawapungia mkono tu. Ningewajibu nini? Ni baba yangu, na hayuko?

Na maji sikunywa. Kichwa kiliniuma Jumamosi ya kwanza, nikasema ni jua. Jumamosi ya pili nikatapika kwenye mtaro, nikasema ni maharagwe. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na mimi, mwalimu ninayewafundisha watoto sayansi, ninayewachorea figo ubaoni, nikajiambia mwili unazoea. Nisamehe nikiyasema hayo, lakini ni wewe uliyenifundisha ubishi. Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa imebaki. Ile ya kwanza haikuwa na kazi tena, maana nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikaishika hiyo moja kwa mikono miwili.

Jumamosi ya tatu nilianguka. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka miwa upande wa kushoto ikianza kucheza, nakumbuka jasho limekatika ghafla na ngozi ikawa kavu na nikahisi baridi, Baba, baridi kabisa kama kule kwetu, nikafurahi. Kisha nakumbuka uso wa mwanamke. Anaitwa Mama Brayo, ana kibanda cha kuuza miwa pale njia panda. Alikuwa amenimwagia ndoo nzima na sasa ananitia maji mdomoni kwa kikombe cha plastiki, huku akinigombeza kwa lafudhi yake. "Mwarimu mzima, unataka kufia kwa balabala? Kunywa. Nimesema kunywa."

Nikanywa. Vikombe vinne. Halafu nikalia. Yeye alidhani nalia kwa maumivu, akawa ananipapasa mgongo, na mimi sikuweza kumwambia kwamba nalia kwa sababu nimevunja sheria ya mtu aliye kaburini. Angenipeleka hospitali ya aina nyingine.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nimekwama. Nikikimbia mbio hizi kwa njia yako, nitakufa, na hilo nililijua sasa kwa mwili wangu mwenyewe. Nikizikimbia kwa njia nyingine, basi si zile tulizopanga, ni zangu peke yangu, na wewe nimekuacha kwenye nyasi na tumbo lako. Nikaona afadhali nisikimbie kabisa. Ijumaa nikapanda kwenda nyumbani kumwambia Mama hivyo.

Nilimkuta jikoni akichambua mboga. Nikamweleza yote, kuanguka, Mama Brayo, vikombe vinne, na uamuzi wangu. Nilimwambia Baba hakutaka maji barabarani na mimi siwezi kukimbia bila maji, kwa hiyo imekwisha. Mama akaendelea kuchambua mboga mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akafuta mikono kwenye leso, akaingia stoo, akarudi na ule mtungi wa manjano. Akauweka mbele yangu. Kwenye shingo yake ulikuwa na utando mweupe, mgumu. Akaniambia nionje.

Niliuonja. Ulikuwa mtamu, na nyuma ya utamu chumvi.

"Pancha gani hiyo inayotaka sukari?" Mama akaniuliza.

Akaniambia yote, Baba. Samahani, najua ulimwapisha asiniambie. Kwamba kila asubuhi ya mazoezi alikuwa anachemsha maji, anayaacha yapoe, anatia sukari na chumvi kidogo kama alivyofundishwa kliniki tulipokuwa watoto wa kuharisha. Kwamba wewe ndiwe uliyemwomba, tangu siku ya kwanza kabisa. Kwamba alikuuliza kwa nini humpi mtoto, ukamjibu hivi, na Mama alilisema kwa sauti yako hasa: "Nikimpa, atajua namuonea huruma. Akiniomba, nitampa." Na kwamba siku zote ulirudi na mtungi umejaa, ukaumwaga pale kwenye nguzo ya lango, ukamrudishia mtupu bila kumwangalia machoni.

Baba, wale sisimizi. Miaka yote nilikuwa nashangaa kwa nini pale langoni sisimizi hawakomi. Na kwenye karia ya baisikeli. Nilikuuliza, ukasema wanapenda harufu ya maziwa. Mwongo wewe. Mwongo mkubwa, na nilikuamini kama Biblia.

Nilitoka nikaenda kukaa pale kwenye nguzo, na hapo ndipo likanijia lile jingine. Kile kilima cha kabla ya daraja. Kila siku, tukifika juu yake, mahali ambapo koo linakauka mpaka ulimi unashika kwenye meno, ulikuwa unaniuliza kutoka nyuma, "Nasimiyu, uko sawa?" Huko kwingine kote hukusema neno. Ni pale tu. Na mimi nilijibu, "Niko sawa, Baba," kwa nguvu zote nilizobaki nazo, ili ujue mtoto wako si mlegevu. Miaka kumi na miwili. Kiu ilikuwa inaniua na wewe umebeba maji hatua tano nyuma yangu, na kila mmoja wetu anamlindia mwenzake heshima. Ningesema neno moja tu, ungefungua mtungi. Mimi nilikuwa nangoja uridhike na mimi, kumbe wewe unangoja nikuhitaji.

Nilikukasirikia sana jioni ile. Nataka ujue hilo pia. Nilikukasirikia kuliko siku uliyokufa. Halafu Mama akaja na kiti chake, akakaa karibu yangu, akasema ulikuwa unaogopa. Ile siku ya kisima ilikutia hofu kwamba maji yatanifanyia ulichofanyiwa wewe, na hofu nyingine kwamba kukosa maji kutanifanyia kibaya zaidi, na kati ya hofu mbili ukachagua kubeba mtungi na kunyamaza. Nikakuelewa. Au nimeanza kukuelewa.

Sasa nakimbia na chupa mkononi. Nakunywa mafunda mawili matatu, si nusu ndoo, usitie wasiwasi. Mchanganyiko ni uleule wa Mama. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kibabii na kurudi mchana wa jua kali na nilipopita kwa Mama Brayo nilikuwa naimba. Alisimama akanipigia vigelegele na kisu cha miwa mkononi.

Mbio ni Jumamosi hii. Mama anakuja. Baisikeli imepigwa mafuta na imeletwa Bungoma, ingawa yeye hajui kuiendesha. Ataisukuma mpaka pale kwenye kile kisima chako, tumekwenda tukakiona, siku hizi kimefunikwa na kina pampu. Atasimama hapo na mtungi nyuma kwenye karia, umefungwa kwa ule mpira wako wa tyubu. Nilidhani nitaupokea tu nikipita. Akakataa. Amesema sharti ni lilelile, aliyeliweka hayupo wa kulibadilisha, na yeye hafungui mtungi mpaka aombwe. Mke wako ni mgumu kuliko wewe.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, Baba. Sitaangalia nyuma. Malakisi nitaingia kwa miguu yangu, hata kama ni wa mwisho, na sitapanda lori la mtu. Na nikifika pale kisimani Mama ataniuliza kama niko sawa, kwa sababu amesema ataniuliza. Nitasimama. Nitasema lile nililopaswa kukuambia juu ya kile kilima, na ningependa ulisikie wewe kabla yake.

Siko sawa. Nina kiu, Baba. Nipe maji.

Lala sasa, umebeba vya kutosha.

Mwanao,
Nasimiyu