Miguu Iliyoota Moto

Jumatatu, 14 Julai 1997

Nimechoka. Napima miguu ya wazee hapa hospitalini tangu asubuhi, wao wamelala chali, mimi nimeinama. Kazi yenyewe si ngumu. Mkanda wa presha mkononi, kisha kifundoni, na kifaa kidogo walicholeta Daktari Shedrack na vijana wake kutoka Dar kinasikiliza damu. Chwi, chwi, chwi. Presha ya mguu ikiwa chini sana kuliko ya mkono, mishipa ya mguu imeziba. Basi. Mgongo wangu tu ndio hautaki kuelewa.

Jumanne, 15 Julai

Daktari kafoka. Vipimo havieleweki! Kumbe wazee wanaota moto kwanza. Bibi Getruda kaegesha miguu kwenye jiko la mama lishe pale getini, kaipaka na mafuta, inang'aa. Nikamwambia bibi, joto linafungua mishipa, linatudanganya. Akasema mwanangu, mgeni hapewi mguu wa baridi, ni aibu. Nikacheka. Daktari hakucheka. Kuanzia kesho mimi ndiye mlinzi wa jiko. Jamani!

Alhamisi, 17 Julai

Leonidas karudi kutoka Namanyere na mitumba yake. Tangu wampunguze kazini pale ghalani, baiskeli ndiyo mke mwenzangu. Anasema mguu wa kulia unabana njiani, akishuka akipumzika unaacha. Nikamwambia njoo nikupime. Akaruka! Alale chali mbele ya vijana wa Dar, mkewe kamshika miguu, yeye maiti? Na sigara haitoki mdomoni. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi yeye anaota moto, mimi napepeta ulezi. Nikasikia harufu. Soksi! Soksi inaungua na mguu wa kulia umo ndani, naye anaendelea na habari za bei ya mashuka. Nikapiga kelele, nikaivuta. Lengelenge kubwa kwenye kidole gumba. Hakuwa amesikia chochote.

Baridi tu hiyo, akasema. Lakini hakunitazama.

Daktari anaondoka Jumatatu na kifaa chake. Nimemwomba aniazime kesho baada ya misa, kakubali. Nimemwambia Leonidas. Hajakataa — na hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 20 Julai

Yuko kitandani kwetu. Hakuna moto, hakuna sigara tangu asubuhi. Kanuna, lakini katii. Mkono, mzuri. Mguu wa kushoto, hafifu lakini upo. Wa kulia — kimya. Nikakihamisha kifaa, juu ya wayo, nyuma ya kifundo. Kimya.

Labda betri zimekwisha, akasema. Mungu wangu, nilivyotamani ziwe zimekwisha! Nikakiweka mguuni kwangu. Chwi! Chwi! Chwi! Kwa nguvu, chumba kizima.

Tukatazamana. Safari ya Mbeya, kwenye hospitali kubwa, sijaitaja. Neno la kukatwa hajalitaja yeye, ingawa najua analo mdomoni. Mguu huu ndio unaotulisha, na ninaogopa, ninaogopa kweli. Nimekaa ukingoni mwa kitanda naandika. Yeye bado amelala chali, suruali kaikunja mpaka gotini. Hataki kuishusha.

"Mama Jane," anasema, "hebu nipime tena."