Mizinga 243 Isiyoonekana

Jumatatu, 9 Juni
Hesabu ya mizinga ya nyuki ya vijiji vitatu vya Sikonge nimeiingiza kabla ya saa nne. Programu hii mpya ya ushirika ni huria, haina mwenyewe, ukiona kosa unaruhusiwa kurekebisha. Inatunza maelezo ya kila jedwali: nani alihesabu, lini, alihesabu nini hasa. Visanduku kumi na tisa! Nimejaza vya lazima tu. Vingine vya nini? Mzinga ni mzinga.

Jumanne, 10 Juni
Alama nyekundu kwenye jedwali langu. Mimi mizinga 412. Watu wa idara ya misitu, nao wameingiza yao, 655. Vijiji vilevile, mwezi uleule. Tofauti 243. Rehema, binti anayesimamia programu, anasema jedwali lisipoelezeka linaondolewa Ijumaa. Miaka saba ya kazi yangu hiyo. Nimezunguka kwa baiskeli, kompyuta nikajifundisha mwenyewe pale mtaa wa Ng'ambo. Leo niitwe mbabaishaji?

Jumatano, 11 Juni
Nimejumlisha mara nne. 412. Sielewi. Labda wao wamehesabia ndani ya gari. Labda mimi ndiye mjinga.

Alhamisi, 12 Juni
Sikonge, kwa Mzee Maganga, mrina asali. Shikamoo, marahaba, una mizinga mingapi? Thelathini na mmoja. Ndivyo nilivyoandika. Nikamwomba anipeleke porini. Miaka saba nauliza uani, porini sijawahi kuingia. Nikahesabu: hamsini na miwili. Nikamwonyesha mmoja juu ya mti.
"Ule je?"
"Ule nyuki hawajaingia, mama. Gogo tu hilo." Akacheka. "Wewe ukiulizwa una watoto wangapi, unahesabu na ambao hujawazaa?"
Nikapita kwa warina wengine watano. Jibu lao ni hilohilo. Wanasema watu wa misitu hawakuuliza mtu, walitazama juu wakahesabu magogo yote. Aibu imenishika.

Ijumaa, 13 Juni
Kisanduku cha maana ya safu nilikiacha kitupu. Nimejaza: mizinga yenye nyuki tu, kwa kauli ya mwenyewe. Rehema kawaambia watu wa misitu nao waeleze ya kwao. Nyekundu imetoka, majedwali yote mawili yamebaki. Nilitegemea kufurahi. Wao kweli, mimi kweli, na siku tatu nzima nilikuwa tayari kumwita mtu mwongo. Kichwa bado kizito.

Jumapili, 15 Juni
Nimefua. Mchana nimefungua jedwali la mavuno la mwaka wa kwanza. Safu ya ndoo za asali. Pamoja na masega, au iliyochujwa? Kisanduku cha maana kitupu. Nimeandika: sijui.