Mshale Uliolala

Nyarugusu, Geita

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Nakujua, umeshaitikia marahaba kabla hata hujamaliza mstari. Magoti yanaendeleaje? Na ile dawa ya macho unaitia, au umeiweka juu ya kabati ikusubiri? Michembe uliyonitumia, viazi vyako vya kukausha, ilifika salama, na harufu yake ilinifanya nikae chini kidogo kabla sijaipika.

Barua hii nimempa dereva wa lori la pamba anayepita Mhunze, aiache kwa mke wa mwinjilisti. Nakuomba uisome mwenyewe. Mwinjilisti ana sauti nzuri, lakini haya si ya kusomewa na mtu. Vaa miwani, funga mlango, usome polepole. Ningekuambia kwenye simu, ila kila nikitaja jina la mdogo wangu Masanja unasema mtandao unasumbua. Mama, mtandao huo mbona haujawahi kusumbua tukiongea habari za ng'ombe?

Sisi tuko hai. Vumbi la Nyarugusu unalifahamu. Ukianika shuka jeupe, linakauka likiwa na rangi ya chai. Kibanda changu cha chakula kinaenda. Wachimbaji wakipata wanakula nyama kwa kelele, wakikosa wanakula maharage kimya kimya. Masanja bado yuko karasha, kule wanakosaga mawe, na anarudi mweupe kama mtu aliyetoka mashine ya unga. Ananawa, anakula, analala. Yule mwanao aliyekuwa akiingia ndani watu wanaanza kucheka kabla hajasema kitu, sijamwona tangu msiba wa Baba. Usukani nao hakuugusa tangu siku ile mpaka jana. Maji na kuni nabeba mimi, kwa pikapu ya Baba. Ulisema niiondoe machoni pako, nami niliiondoa.

Habari yenyewe inaanzia kwenye hiyo pikapu.

Mafundi walishabadilisha gasketi iliyoungua siku ile na injini ikapona, lakini mimi nilikuwa naendesha kwa hofu. Kila nikipanda kilima nasikia harufu ya kuungua ambayo haipo. Mshale wa joto kwenye dashibodi umelala chini asubuhi, umelala chini mchana, nikaona huu umekufa na mimi naendesha gari kipofu. Basi nilipokwenda Geita mjini nikanunua geji mbili kwa muuza vipuri vya mitumba, moja ya joto la maji, nyingine ya presha ya oili. Zilikuja na waya zake na karatasi ya maelezo ya Kichina, ambayo tuliitumia kufutia mikono. Fundi wa hapa ni wa njoo kesho. Nilipochoka na kesho zake nikamwambia Masanja tufunge wenyewe Jumapili baada ya ibada.

Alikataa kwanza. Alisimama mbali na gari, mikono mfukoni, akiniangalia ninavyohangaika. Unanijua, mimi kitu nisichokijua ndicho nakishika kwa nguvu. Nilipotaka kuanza kuunga waya betri ikiwa bado imefungwa, akashindwa kuvumilia, akaja akafungua kichwa cha betri, akaninyang'anya koleo. Tulikata kipande cha bati tukakitoboa matundu mawili, tukakifunga juu ya dashibodi. Hakikukaa sawa, na mpaka leo geji zinatazamana kama wake wenza. Waya tukaupitisha kwenye tundu la nyuma ya injini. Kisha nikafunga kile kichwa cha shaba kinachozama ndani ya maji ya injini na kupeleka habari ya joto kwenye mshale. Niliogopa kisivuje, nikakizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikazungusha, nikazungusha, nikajiona fundi.

Tukawasha. Injini ikapata moto, boneti likawa haligusiki, na mshale wetu mpya umelala chini vilevile. Nikaanza kumtukana muuza vipuri na ukoo wake. Masanja hakunisikia. Alikuwa ameinama dirishani, macho kwenye ule mshale, uso umemnyong'onyea.

Akasema, "Ndivyo ulivyokuwa, dada. Siku ile ulikuwa hivi hivi."

Mama, na mimi nikainama nikautazama. Unakumbuka msibani ulimuuliza mbele ya watu alikuwa anatazama nini mpaka gari likachemsha likakwama njiani na baba yake akafia ndani. Akajibu kwamba mshale ulikuwa chini. Baba mdogo akasema injini ichemke na mshale ulale, uongo wa namna hiyo hata mtoto hawezi kuusema. Na sasa mimi nilikuwa mbele ya injini ya moto na mshale uliolala.

Nikampigia yule fundi wa njoo kesho. Alicheka sana, akaniambia kile kichwa lazima kiguse chuma ndipo umeme upite, na sisi tumekivisha nguo. Tukaacha ipoe, tukaitoa tepu, tukabakiza kidogo tu, tukawasha tena. Mshale ukapanda taratibu ukasimama katikati. Nikapiga vigelegele peke yangu. Masanja yeye alikuwa ameshaingia chini ya boneti, anaufuata waya wa geji ya zamani, ile iliyokuja na gari. Anaupapasa kwenye matope ya oili, huko nyuma kusikofikika vizuri. Akaniita nishike tochi.

Waya ulikuwa umekatwa. Haukukatika, ulikatwa kwa kisu, ukakunjwa nyuma, ncha yake ikafungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Nilipouona ule mpira nikaijua mikono iliyoufunga. Umezungushwa na kupitishwa chini yake wenyewe, mkia ukaachwa umechomoza, kama mpini wa jembe lako ulivyofungwa, kama dumu la maziwa, kama kila kitu kilichowahi kuvunjika nyumbani kwetu. Hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo. Ni Baba, Mama. Aliukata mwenyewe.

Na sababu naijua, nawe ukikaa utaikumbuka. Ile siku ya mnada, gari limejaa watu na mbuzi, mama mmoja aliyekaa mbele akauona mshale umepanda, akapiga kelele kwamba gari linaungua. Wakashuka wote, wakapanda la mwenzake. Baba alirudi nyumbani pakiwa bado mchana, hakula. Baada ya hapo mshale haukupanda tena, na hakuna abiria aliyeshuka. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema, siku hizi gari la baba yenu limepona. Alikuwa hajibu. Yeye hakuuhitaji mshale. Alikuwa anasikiliza injini, ananusa, anajua asimame wapi aongeze maji. Kuna msemo wa mficha maradhi, ulinijia pale pale nikaumeza, maana huyu ni baba yangu na yuko chini ya ardhi. Ila Masanja hakujua. Masanja alijifunzia kwenye malori ya mgodini, ambako mshale ukisema maji ni baridi, maji ni baridi. Siku ile alikuwa anakimbiza gari kwenda hospitali ya Kolandoto na baba asiyeweza kusema neno, na alitazama, Mama. Alikuwa anatazama.

Sasa nafika pagumu. Hapa nilisimamisha kalamu nikaenda kuosha sufuria ambazo zilishaoshwa.

Kila aliyekuja msibani ulimweleza jinsi Baba alivyokaa katikati yenu, ulimi umeshafungwa na upande wa kulia umeshakufa, akawa anaunyoosha ule mkono wake wa kushoto mbele, anaunyoosha tena na tena. Ukaukamata ukauweka mapajani kwako, ukamwambia, tulia Baba Kabula, nipo. Ulisema alikuwa anakutafuta. Nimekusikia ukilisimulia hilo mara nyingi, na kila ukilisimulia sura yako inapata nafuu kidogo.

Masanja, alipouona ule waya, alikaa chini kwenye vumbi. Akaniambia mkono wa Baba ulikuwa unakwenda kwenye dashibodi, kwenye ule mshale, na yeye alidhani maumivu tu. Kisha akalia, Mama. Nilikuwa sijamwona akilia, hata makaburini. Nilipomwambia naandika nyumbani leo leo, akanishika mkono.

Akasema, "Usimwambie Mama. Ameshabaki na mkono ule tu. Acha nibaki nimekosa mimi."

Nimekaa na maneno hayo tangu Jumapili ile. Nimeyageuza kila upande. Nikinyamaza, wewe unabaki na faraja yako na mwanao anabaki muuaji wa baba yake. Nikisema, nakuchoma kidonda ambacho hakijakauka. Lakini nimemwona anavyokula kichwa chini. Mtoto wako anamalizika, Mama, na anamalizika kwa ajili yako, na wewe hujui. Ndiyo maana nimesema. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi.

Na mimi sikuwemo garini. Alichokuwa anakitaka Baba alikwenda nacho. Huenda alikuwa anaonyesha mshale. Huenda, ulipoukamata mkono, aliona basi, hapa panatosha. Ulisema mwenyewe kwamba mwishoni alikushika kwa nguvu. Hilo hakuna mshale unaoweza kulibadilisha, na mimi naliamini. Kosa sikupi wewe, na Baba namwachia Mungu, alikuwa anatutafutia ugali. Ila na Masanja naye usimpe.

Nataka kuja naye kabla hamjaanza kupalilia. Ataendesha yeye, nimeshamwambia, na jana alizungusha gari mpaka kisimani na kurudi, jicho moja barabarani na jingine kwenye geji, mpaka nikamwambia atatuua kwa uangalifu. Alitabasamu kidogo. Tukifika atasimama nje ya uzio. Amesema hataingia mpaka wewe mwenyewe useme.

Nisalimie shangazi yetu wa Kolandoto akija, mwambie kitenge chake bado nakivaa. Mama mkwe wangu mpe heri zangu ukimkuta kanisani. Mke wa mwinjilisti mshukuru kwa kuitunza barua hii, na baba mdogo msalimie pia, ingawa nina neno naye nikifika. Kaburi la Baba lifagilie kwa niaba yangu.

Mimi ni yule yule mwanao mkaidi,
Kabula

Nimeifunga bahasha nikaifungua tena. Masanja ametoka karasha, amesimama mlangoni, ameona jina lako. Hajauliza nimeandika nini. Nadhani amejua. Msibani alikuinamia akakuamkia, ukageuza uso, na watu wote wakaona. Amesema kama nafasi imebaki nikuandikie salamu yake, hata usipoiitikia. Nafasi imebaki. Hii hapa, ni yake, si yangu:

Shikamoo, Mama.