Pipa la Baba la Mwisho

Mtaa wa Manchester,
Swindon, Uingereza.
14 Oktoba 1994

Mpendwa Dada Maureen,

Hujambo huko Hamilton? Mgongo wa shemeji Gord umepoa? Sisi huku tu wazima, ila mke wangu Glenys ananilisha kabichi kila siku, ati tumbo lipungue. Tumbo limegoma.

Dada, jana nilikwenda Devizes kama ulivyoniomba, kulitafuta pipa la mwisho alilotengeneza Baba kabla kiwanda cha bia hakijaleta yale ya chuma. Mji ni uleule. Ilikuwa siku ya soko, na harufu ya shayiri inayochemshwa imejaa mpaka kwenye soksi. Farasi wa kiwanda bado wanasambaza bia, wamenenepa kunishinda.

Nikaliona! Nje ya baa moja pale sokoni, limekatwa nusu, limepandwa maua. Nikainama, nikaona ile W ya Baba, alama yake aliyoichoma kwenye ubao, juu kidogo ya pete ya chuma.

Sasa unanijua mimi na mitumba yangu. Kitu ukikitaka, unakiponda kwanza. Mwenye baa, Bi Doreen, akatoka na ufagio, nikamwanza:

"Mama, takataka hii ya nini? Imeoza! Itamvunja mteja mguu."

"Kweli, mpenzi?"

"Kabisa. Basi tu nikuonee huruma, nikubebee niende nayo."

"Usijisumbue, baba, na hilo tumbo!"

Nikajifanya sina haja, nikaenda kula pai ya nyama ili alainike. Kurudi, maua yako chini, mumewe analimalizia pipa kwa shoka, na Bi Doreen ananishukuru kwa kumfumbua macho.

Nikapiga kelele, "Acha! Hiyo kazi ya baba yangu!"

Mzee akafuta jasho. "Si umesema limeoza?"

Halikuoza, dada. Lilimtoa jasho yule mzee mpaka ubao wa mwisho.

Bi Doreen akalia kuliko mimi. Akanipa ubao wenye alama, ndio huo nimeufunga kwenye gazeti. Usiupake rangi.

Miaka yote naponda vitu vya watu nipate bei nafuu, na hakuna anayeniamini. Nimeponda kazi ya Baba mara moja tu, nikaaminiwa.

Msalimie Gord na watoto. Shangazi Enid anakusalimu. Hajui lolote, naomba abaki hivyohivyo. Mungu awakinge na baridi ya huko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, leo sina la kuuza,

Trevor