Mita Moja Iliyobaki

Baba Zainabu,

Nakuandikia nikiwa Kitangari, kando ya lambo ulilolijengea ukuta wa chini ya ardhi ili maji yasitoroke. Mvua uliyokuwa ukiingoja ilinyesha wiki tatu baada ya kukuzika. Lambo lilijaa. Siku ya tisa lilikuwa tupu, na shamba la mihogo lililo chini yake lilikuwa limegeuka tope.

Watu walisema uliiba saruji, ukajaza udongo mtupu. Mkeo aliyasikia hayo kila alipopanga ndoo kwenye foleni ya maji. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya maji, nilinyamaza.

Siku ile tulipochimba mtaro wa ukuta, uliusokota udongo kiganjani uwe kama uzi. Ukakatika. Ukasema, "Mwalimu, huu bado mchanga. Tushuke mita moja tena, tuufikie udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji." Nikakujibu kwamba mchoro unaonyesha mita tatu, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Ukacheka: "Haya. Ila mchoro wako haunywi maji." Kisha ukafanya kama nilivyoagiza, tabaka kwa tabaka, ukishindilia udongo uliochanganywa na saruji mpaka ukashindwa kuinua mikono.

Mwezi uliopita tulichimba upande wa nje. Ukuta wako ni mzima. Niliupiga kwa sururu, ikadunda. Chini ya ukuta kuna mchanga, na chini ya mchanga, mita moja kasoro kidogo, kuna mfinyanzi mwekundu. Maji yalipita hapo hapo uliponionyesha.

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Fundi hakuiba. Alitaka kushuka, mimi nikamzuia." Mkeo ndiye aliyejibu. Alisema taratibu, "Kila asubuhi nimekuamkia, Mwalimu, nawe ukaitikia marahaba. Hilo ulishindwa kunieleza?" Akajitwika ndoo yake, akaondoka.



Sasa tunajenga ukuta wa pili, uliogusana na wako, hadi ndani ya mfinyanzi. Magoti yangu hayaipendi ngazi, lakini nashuka kila siku kuusokota udongo. Nakuahidi, mtaro hautajazwa mahali ambapo uzi unakatika. Na atakayeuliza habari za ukuta wa kwanza, nitamtajia kwanza jina lako, kisha kosa langu.

Pumzika, fundi.

Mwalimu