Bomba Lililobaki Tura

Tabora, Jumanne baada ya sikukuu ya parokia

Dada yangu Oliva,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama utaanguka kwa kicheko. Miguu yako inaendeleaje? Kahawa imechanua huko Mbinga? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Ninachougua ni aibu tu, na hospitali ya hapa hawana dawa yake.

Uliniuliza kwa nini nimekawia kukuletea habari za Anastazia, yule binti anayepiga kinanda kanisani kwetu. Nilikawia kwa sababu baba yake, Mzee Maganga, mwalimu wa kwaya, alinipa mtihani. Nilipokwenda kujieleza alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Si unajiita fundi seremala wewe? Kinanda chetu kinahema kama mgonjwa wa pumu. Kiponye kwanza, ndipo uniletee maneno ya binti."

Kinanda chenyewe, dada, si kama kile kidogo cha padre wetu wa huko. Hiki ni kabati linalofika darini, limejaa mabomba ya bati na ya mbao, na nyuma yake kuna mivukuto ambayo mtu anaikanyaga ili upepo upande mabombani. Wazee wanasema kilitoka Bagamoyo enzi za misafara, vipande vipande, vichwani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Walipofika kijiji cha Tura, mkubwa wa pale akadai hongo, ule ushuru wa kuruhusiwa kupita. Nguo akakataa, shanga akakataa. Akachagua bomba la mbao lililokuwa refu kuliko yote, akalitundika mtini likawa mzinga wa nyuki! Msafara ukaendelea bila bomba, na asali sijui aliila nani.

Tangu hapo kinanda kina sauti moja pungufu, ile nzito ya chini kabisa. Tundu lake lilizibwa kwa gunzi la mahindi. Wimbo ukifika hapo, mpiga kinanda anakanyaga kibao cha sauti hiyo kama kawaida, panakuwa kimya, kwaya inavuta pumzi, kisha wimbo unaendelea. Kimya hicho wanakiita Tura. Kwenye mazoezi utamsikia Mzee Maganga akifoka, "Nani huyo anaimba juu ya Tura?" Watu wamezaliwa wakaikuta Tura, wakafundishwa Tura, na sasa wanawafundisha wajukuu.

Mimi mgeni nikajitia ujuzi. Mivukuto niliitia viraka vya ngozi ya mbuzi, ikapona kabisa. Ningeishia hapo leo ningeshaitwa mkwe. Lakini nikasema moyoni, mbona nisiwafurahishe? Padre mpya alishatangaza kwamba hataagiza kitu Ulaya, huu ni wakati wa kujitegemea. Basi nikachonga bomba jipya la mbao ya mninga, kimyakimya, kila nikitoka shamba la ujamaa. Jumamosi, watu wakiwa kwenye foleni ya sukari, nikang'oa gunzi na kulisimamisha. Sikumwambia mtu, hata Anastazia.

Jumapili kanisa lilifurika, hata katibu wa tawi la chama alikuja. Ubeti wa kwanza kwaya ikafika Tura, ikanyamaza kwa adabu. Bomba likanguruma. Dada, madirisha yalitetemeka! Anastazia aliruka kitini. Bibi mmoja wa benchi la mbele akapiga magoti akaanza kuungama kwa sauti, na tuliyoyasikia kuhusu kuku wa jirani yake yanatosha. Ubeti wa pili nusu ya kwaya ikaimba na nusu ikangoja, na tangu hapo hawakukutana tena. Sauti ya nne walifika Amina wakati sauti ya kwanza bado wako kwa malaika.

Baada ya misa Mzee Maganga alinikamata mkono, akanirudisha ndani. Nikajua nimemkosa binti.

"Anastazia, kaa kwenye kinanda," akasema. "Na wewe, kanyaga mivukuto."

Akaenda kwenye bomba, akaliwekea kiganja. "Piga hilo peke yake."

Likanguruma. Akasema tena. Likanguruma tena. Nilipochungulia, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Aliyelibeba ni baba yangu," akasema. "Mpaka anakufa walimcheka, eti aliacha sauti ya kanisa kwa nyuki. Nimefundisha kwaya umri wangu wote sijui bomba lile lilikuwa linasemaje."

Nami nililia, dada, wala sikuona haya.

Kisha akajifuta uso, akawa Mzee Maganga yule yule. "Haya, ling'oe, rudishia gunzi. Kwaya yangu haiwezi kuanza upya uzeeni. Lakini ulitunze. Siku ya harusi ya huyu utalirudisha, lingurume, hata wakikosea wote."

Harusi ya huyu! Nikamgeukia Anastazia, kumbe kainamisha uso anacheka.

Nisalimie shemeji, mume wako, na watoto wote. Mpe shikamoo mama mdogo aliyetulea, mwambie shati alilonishonea bado linanitosha. Na mjomba Kapinga, kaka wa marehemu mama, mwambie atafute koti lake apande gari aje kupeleka posa. Asingoje kahawa iive. Bomba ni refu kuliko chumba changu, kichwa chake kimetokeza dirishani, mimi nalala barazani, na mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika.

Mdogo wako akupendaye,
Benedikto